Maryland 18-0: ubingwa uliopikwa kwa miaka miwili

Zilikuwa zimebaki sekunde kama kumi. Ilikuwa Jumatatu ya mwisho ya Mei 2021, katika uwanja wa Rentschler mjini East Hartford, jimbo la Connecticut, na Virginia walikuwa wanaongoza 17-16 dhidi ya Maryland kwenye fainali ya lakrosi ya wanaume ya vyuo vikuu vya Marekani. Maryland walikuwa ndio kwanza wamefunga. Mpira ukarudishwa kati, na katika mchezo huu mpira wa kati hapewi mtu, unagombewa. Luke Wierman wa Maryland akaugombea, akaunyakua, akachomoka nao moja kwa moja kuelekea goli. Pasi hakutoa, saa haikumruhusu. Akapiga, kipa wa Virginia, Alex Rode, akauzuia, na mechi ikaishia hapo.

Maryland walikuwa wameingia fainali hiyo wakiwa wamecheza mechi 15 na kushinda zote 15. Wakaondoka na kipigo kimoja, na hicho ndicho watu walichokikumbuka.

Tarehe 30 Mei 2022, uwanja uleule, walimaliza msimu mwingine: mechi 18, ushindi 18. Tangu NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kianze kuandaa mashindano ya ubingwa wa lakrosi mwaka 1971, hakuna timu ya wanaume ya daraja la kwanza iliyowahi kushinda mechi nyingi hivyo bila kupoteza hata moja. Waliokuwa karibu zaidi ni Virginia ya 2006 yenye 17-0 na Johns Hopkins ya 2005 yenye 16-0. Na hapa hatuzungumzii kutofungwa kwa mtindo wa Arsenal ya 2003/04, iliyotoka sare mechi 12 kati ya 38. Lakrosi haina sare. Mkilingana mnaongezewa muda mpaka mmoja alale.

Utata uko hapa. Kati ya fainali ile na hii, Maryland waliondokewa na mchezaji wao bora, na si bora wa timu tu bali wa nchi nzima. Jared Bernhardt alitwaa tuzo ya Tewaaraton ya 2021, ambayo hupewa mchezaji bora wa lakrosi ya vyuo, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Ferris State kucheza mchezo mwingine kabisa, futiboli ya Kimarekani, na huko nako akawa bingwa wa taifa wa daraja la pili kabla ya kusajiliwa na Atlanta Falcons, timu ya kulipwa ya mchezo huo. Timu iliyomtegemea mtu wa aina hiyo ilitarajiwa kushuka. Badala yake ikapanda. Ilikuwaje?

Jibu langu ni kwamba uwanjani tutaona nusu tu. Nusu nyingine imo kwenye kalenda na kanuni, tena kanuni zilizoandikwa na watu ambao hawakuwa wanaifikiria Maryland hata kidogo.

Tuanze na uwanjani, kwa sababu bila kuujua mchezo mengine hayataeleweka.

Timu ina watu 10: kipa, mabeki 3, viungo 3 na washambuliaji 3. Kila mmoja ameshika fimbo yenye kikapu cha nyavu kwenye ncha. Mpira ni wa raba ngumu, ukubwa wake unakaribia wa tenisi lakini uzito ni zaidi ya mara mbili, na ukirushwa na mtu anayejua kazi yake kipa hana muda wa kufikiri. Goli ni mraba wa mita 1.83 kila upande, limewekwa ndani kidogo ya uwanja, kwa hiyo mnaweza kucheza hata nyuma yake. Mshambuliaji anazunguka huku nyuma na mpira, macho yako kwa wenzake, na beki anayemfuata hajui azibe upande gani. Kumpiga mwenzako kwenye fimbo ili adondoshe mpira kunaruhusiwa. Kumpiga kichwani kunakutoa nje kwa muda, na timu yako inabaki pungufu. Mechi ina robo nne za dakika 15.

Jambo la kushika zaidi ni ule mpira wa kati. Kwenye soka, aliyefungwa ndiye anayeanzisha. Hapa hapana. Kila baada ya goli watu wawili wanainama kati, mpira chini katikati ya fimbo zao, refa anapuliza, wanaugombea. Mwenye mtu hodari wa kugombea anaweza kufunga, akaupata tena, akafunga tena, na wapinzani wasiuguse mpira dakika nzima. Kazi hiyo imekuwa na mabingwa wake, vijana wanaoingia uwanjani kugombea tu kisha wanakimbia nje kumpisha mwingine. Kwa miaka mingi walikuwa wanaugombea wamepiga goti, mambo yanakuwa mieleka. Msimu wa 2021 NCAA wakakataza goti kugusa chini, na waliozoea kulalia mpira wakapata tabu. Wierman hakupata tabu. Ni mwepesi wa mbio, akishaupata haishii hapo, anakimbia nao hadi golini, kama alivyofanya zile sekunde za mwisho dhidi ya Virginia.

Kuna na saa. Tangu 2019 timu ikipata mpira ina sekunde 80 za kupiga goli, la sivyo inaupoteza. Zamani mtu mwenye uongozi aliweza kuukalia mpira akazunguka nao mpaka mashabiki wakasinzia. Saa ilipokuja, aliyefaidika ni mwenye washambuliaji wengi wazuri, si mmoja. Shika hilo, tutalirudia.

Maryland ni chuo cha jimbo, kipo College Park, pembeni tu ya Washington. Jimbo lenyewe lina mapenzi ya ajabu na mchezo huu: mwaka 2004 serikali ya jimbo ilitangaza lakrosi kuwa mchezo wake rasmi wa timu. (Mchezo rasmi wa jimbo, tangu 1962, ni ule wa kupigana mikuki juu ya farasi. Sitanii.) Nembo ya chuo ni kobe wa maji anayeishi kwenye ghuba ya Chesapeake, na wanafunzi hupapasa pua ya sanamu yake kabla ya mitihani kutafuta bahati.

Bahati hiyo upande wa fainali ilikuwa imewagomea muda mrefu. Walitwaa ubingwa wa NCAA mwaka 1973 na 1975, kisha wakakaa miaka 42. Kocha John Tillman alipofika, akitokea Harvard, aliwapeleka fainali msimu wake wa kwanza, 2011, wakafungwa 9-7 na Virginia. Mwaka 2012 wakafungwa 9-3 na Loyola. 2015 wakafungwa 10-5 na Denver. 2016 North Carolina wakawafunga 14-13 katika muda wa nyongeza. Nne zimekwenda. Mwaka 2017 ndipo walipowafunga Ohio State 9-6 na kupumua. Kwa hiyo kile kipigo cha 17-16 cha 2021 kilikuwa cha tano kwa Tillman kwenye fainali, na mtu akisema Maryland walikuwa timu kubwa iliyozoea kulia mwezi Mei, hakuwa anawaonea.

Sasa kalenda.

Machi 2020 korona iliingia, na tarehe 12 mwezi huo NCAA ikafuta michezo yote ya majira ya kuchipua. Lakrosi ilikuwa imecheza wiki chache tu. Mchezaji wa chuo kwa kawaida anaruhusiwa misimu minne, nayo aimalize ndani ya miaka mitano. Je, msimu uliofutwa uhesabiwe? Mwisho wa mwezi huohuo NCAA ikaamua usihesabiwe: kila mchezaji wa majira ya kuchipua akapewa mwaka wa ziada. Uamuzi wa huruma, na sioni wangeamua vinginevyo namna gani. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba kwa miaka kadhaa vyuo vilijaa wanaume wa miaka 23 na 24 wanaocheza na vijana waliotoka sekondari juzi.

Kuna na kanuni ya pili: wachezaji wa lakrosi tayari waliweza kuhama chuo mara moja bila kukaa benchi mwaka mzima kama adhabu, na Aprili 2021 NCAA ikaifanya ruhusa hiyo kuwa ya michezo yote. Ukiziunganisha kanuni hizi mbili unapata kitu ambacho lakrosi ya vyuo haikuwahi kukiona kwa ukubwa huo, yaani dirisha la usajili. Kijana amemaliza shahada yake ya kwanza, ana mwaka mmoja mkononi, anatazama huku na huku: wapi nitapata kombe?

Fedha haikuwa sababu kubwa kama mtu wa soka anavyoweza kudhani. Wakati huo timu nzima ya lakrosi ya wanaume ilikuwa na ufadhili kamili wa masomo 12.6 tu, unaokatwakatwa vipande kwa wachezaji zaidi ya 40. Wengi walikuwa wanalipiwa kipande, wengine hawalipiwi kitu. Mtu wa mwaka wa tano alikuwa anafuata shahada ya pili, kocha anayemwamini, na nafasi ya kushinda.

Na hapo ndipo ligi ya Ivy inapoingia. Hivi ni vyuo vinane vya kifahari, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton na Cornell. Wakati wengine walirudi kucheza 2021 kwa barakoa na vipimo, Ivy ilifuta mashindano ya msimu mzima. Miaka miwili mfululizo vijana wake walikaa bila msimu wa maana. Isitoshe, Ivy kwa kawaida haimruhusu aliyekwisha kupata shahada ya kwanza kuendelea kuichezea timu ya chuo. Mwaka wa ziada wa NCAA, kwa wengi wao, ulikuwa kama hundi ambayo benki yako haiipokei. Basi waliotaka kuutumia walitazama nje.

Mmoja wao alikuwa Jonathan Donville, Mkanada, kiungo wa Cornell. Akahamia Maryland. Kutoka Villanova akaja mshambuliaji Keegan Khan. Na waliokuwepo wakabaki: Logan Wisnauskas, aliyeanza kuichezea Maryland msimu wa 2018, akaamua kurudi kwa msimu wa tano. Anthony DeMaio naye yupo. Wierman yupo kati. Brett Makar na Ajax Zappitello nyuma, Logan McNaney golini.

Hapo ndipo lile swali la Bernhardt linapojibika. Timu ya 2021 ilikuwa na mtu mmoja ambaye mabeki wawili walimkimbilia kila alipogusa mpira. Timu ya 2022 ilikuwa na watu sita ambao ukimkimbilia mmoja, mwingine anakufunga kabla sekunde 80 hazijafika nusu. Wisnauskas ndiye aliyebeba Tewaaraton ya 2022, lakini ukiitazama mechi yoyote ya msimu ule unaona mpira unavyopita mikono minne, mitano, mpaka anayepiga yuko peke yake na kipa. Kuwalinda watu wa namna hiyo ni kazi ya kukata tamaa.

Mechi za kawaida za msimu nitazipitia haraka, kwa sababu nyingi hazikuwa mechi. Virginia, mabingwa watetezi, walikutana nao Machi mjini Washington, wakala 23-12. Johns Hopkins, watani wao wa jadi, watu ambao historia yao na Maryland ni kama Simba na Yanga ya pande zile, walifungwa 22-7. Fainali ya ligi yao ya Big Ten waliwafunga Rutgers 17-7. Aliyewasumbua kweli ni Notre Dame, 11-9 mwezi Machi. Weka alama kwenye jina hilo.

Kwani Mei ilipofika, Notre Dame hawakualikwa kwenye mashindano.

Hiki ndicho kipande kilichozua ugomvi mkubwa kuliko vyote mwaka ule, na ndicho kinachowachanganya wengi, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Kuna vyuo zaidi ya 70 vinavyocheza lakrosi ya wanaume ya daraja la kwanza. Wanaoingia kwenye mashindano ya mwisho, mwaka 2022, walikuwa 18. Kumi kati ya hao ni mabingwa wa ligi zao, wana tiketi ya moja kwa moja, hata kama ligi ni dhaifu. Nafasi 8 zilizobaki zinagawiwa na kamati inayokaa chumbani na makaratasi.

Ili ligi ipate tiketi ya moja kwa moja lazima iwe na timu zisizopungua sita. Ligi ya ACC, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na majina mazito kuliko zote, ilikuwa na tano tu: Duke, North Carolina, Virginia, Syracuse na Notre Dame. Ilipungukiwa kwa sababu mmoja wake aliondoka mwaka 2014 kwenda Big Ten, akifuata, kama ilivyo kawaida, pesa za televisheni za futiboli. Aliyeondoka ni Maryland. Big Ten nayo ikapata sita yake kwa kumwalika Johns Hopkins, ambaye yumo kwenye ligi hiyo kwa ajili ya lakrosi peke yake. Michezo yake mingine anacheza kwingine. Yaani kule kuhama kwa Maryland kuliiondolea ligi moja tiketi na kuipa nyingine, na miaka minane baadaye mtu bado alikuwa analipa.

Basi ACC wote walitegemea kamati. Kamati kwa upande wake inatumia kipimo ambacho robo yake ni matokeo yako mwenyewe, nusu ni matokeo ya uliocheza nao, na robo ni matokeo ya waliocheza na wale uliocheza nao. Soma tena taratibu: rekodi ya uliocheza nao peke yake ina uzito mara mbili ya ulichokifanya wewe. Sasa Ivy, waliokaa nje miaka miwili, walirudi 2022 na njaa, wakawashinda watu wengi wa nje ya ligi mapema. Walipoanza kuchezeana wao kwa wao, kila mmoja alikuwa anacheza na mtu mwenye rekodi nzuri. Hata kufungwa kulikuwa kunampandisha kidogo. Hesabu ikawabeba: Penn aliingia kama bingwa wa Ivy, kisha Yale, Princeton, Cornell, Brown na Harvard wakachukua nafasi 5 kati ya zile 8 za kamati. Timu sita kutoka ligi moja. Zilizobaki tatu zikaenda kwa Virginia, Rutgers na Ohio State.

Duke nje. Notre Dame, waliokuwa na ushindi 8 na vipigo 4, nje. Wadadisi wa mchezo walipiga kelele wiki nzima, na mimi nilikuwa upande wao: timu iliyoikaribia Maryland kuliko wengine wote kwenye msimu wa kawaida inatazama mashindano kwenye runinga? Lakini haki iseme. Katika timu nne za nusu fainali, mbili zilitoka Ivy. Kamati haikuwa imeokota watu barabarani. Notre Dame nao walijibu kwa njia iliyo bora kuliko malalamiko: walikuwa mabingwa 2023, wakarudia 2024.

Kwenye mashindano yenyewe Maryland walianza nyumbani na Vermont, 21-5. Robo fainali, Columbus, Ohio, nani yuko upande wa pili? Virginia. Safari hii 18-9. Ukijumlisha mechi zao mbili za 2022 unapata 41-21, na nadhani kila goli lilikuwa linalipa lile moja lililokosekana mwaka uliotangulia. Upande wa pili wa ratiba mambo yalikuwa yamevurugika: Georgetown, waliopangiwa namba mbili, waliondolewa raundi ya kwanza 10-9 na Delaware ambao walilazimika hata kucheza mechi ya mchujo ili waingie.

Nusu fainali ikawa na Princeton, 13-8. Na fainali, Cornell.

Hawa wawili wana historia. Fainali ya kwanza kabisa ya NCAA, 1971, ilikuwa Cornell na Maryland, na Cornell walishinda 12-6. Mwaka 1976 wakakutana tena, wote wawili hawajafungwa msimu mzima, na Cornell wakashinda 16-13 baada ya muda wa nyongeza. Kocha wa Cornell mara zote mbili alikuwa Richie Moran, na Richie Moran alisoma na kucheza Maryland. Alifariki Aprili 2022, wiki tano tu kabla ya fainali ya tatu ya vyuo vyake viwili. Ukiongeza Donville aliyevaa jezi ya Maryland akiwatazama wenzake wa juzi upande wa pili, unaona mechi hii ilikuwa na nyuzi nyingi kuliko kombe.

Cornell hawakuwa na hofu. Kocha wao, Connor Buczek, alikuwa mchezaji wa chuo hichohicho miaka michache tu nyuma, na alikuwa ameona kilichowapata Virginia waliojaribu kukimbizana na Maryland goli kwa goli. Yeye alipunguza kasi. Beki wake walisimama karibu na goli wakiziba katikati, wakawaachia Maryland wapige kutoka mbali. Timu iliyozoea 18, 20, 23 ikajikuta inahangaika kupata goli la tisa.

Kwa sehemu kubwa lakini walikuwa mbele, tena mbele kwa mbali, na sababu ilikuwa McNaney. Kipa wa lakrosi anasimama na fimbo yenye kikapu kipana kuliko cha wengine, kifua kimekingwa, miguu haina kinga ya maana, na mpira wa raba ngumu unamjia kutoka mita saba au nane. Akizuia nusu ya yanayokuja, amefanya kazi njema. McNaney siku hiyo alizuia 17 na kuruhusu 7. Si mtu mkubwa wa kuziba goli kwa mwili. Anacheza kwa mikono. Kuna namna anavyoipeleka fimbo chini kabla mpigaji hajaachia, kana kwamba ameambiwa. DeMaio naye akafunga manne, karibu nusu ya magoli yote ya timu, siku ambayo mfungaji wa kawaida, Wisnauskas, alikuwa amebanwa. Wale watu sita tena: ukimbana mmoja, mwingine anatokea.

Robo ya mwisho Cornell waliamka. Goli, likaja jingine, na jingine. Maryland, ambao msimu mzima hawakuwahi kuombea saa iende, sasa waliiombea. Nadhani hapo kila aliyekuwa na jezi nyekundu na nyeusi alikumbuka sekunde kumi za mwaka uliopita, uwanja huuhuu. Saa ikaisha 9-7. McNaney akatangazwa mchezaji bora wa mashindano, ubingwa wa nne wa Maryland katika enzi ya NCAA.

Wapo wanaosema rekodi hii iwekewe alama ya shaka pembeni, kwamba bila korona isingekuwepo. Nusu ya hoja naikubali. Wisnauskas asingekuwa na mwaka wa tano, Donville pengine angekuwa Cornell akicheza upande ule mwingine, na fainali iliyoisha kwa tofauti ya magoli mawili ingeweza kwenda popote. Nusu nyingine inanishinda, kwa sababu mwaka ule wa ziada walipewa wote. Virginia walikuwa nao, Duke walikuwa nao, na vyuo vingi vilitumia dirisha la usajili kuokota majina kisha vikashindwa kuyafanya yapasiane mpira. Cha kuulizwa ni kwa nini wageni walipofika College Park walikubali kuwa mmoja kati ya sita.

Wasomaji wa huku kwetu, mchezo huu si mgeni kabisa. Uganda ilipeleka timu kwenye mashindano ya dunia Denver mwaka 2014, ya kwanza kutoka Afrika. Na lakrosi itarudi Olimpiki Los Angeles 2028, kwa mtindo wa wachezaji sita kila upande, baada ya kupotea kwenye orodha ya medali tangu 1908. Wenye mchezo wa asili, Wahaudenosaunee wa Marekani ya Kaskazini, ambao Wamohawk ni sehemu yao na ndiko jina Tewaaraton lilikotoka, bado wanapigania kushiriki wakiwa taifa lao wenyewe. Hiyo ni makala nyingine.

Mwaka wa ziada nao ulichukua muda kuisha. McNaney aliumia goti 2023, akapoteza karibu msimu wote, akarudishiwa, na kwa hesabu ya ule mwaka wa korona pamoja na ule wa majeraha aliendelea kuwepo. Mei 2024 alikuwa golini Maryland walipofungwa 15-5 na Notre Dame kwenye fainali. Mei 2025 alikuwa golini tena, fainali yake ya nne, uwanja wa Gillette huko Foxborough, na waliokuja mbele yake walikuwa Cornell wa Buczek. Aliyewaongoza ni CJ Kirst, ambaye mwaka 2022 alikuwa kwenye msimu wake wa kwanza wa mashindano na aliondoka East Hartford mikono mitupu. Safari hii alimfunga McNaney mara sita. Cornell 13, Maryland 10, ubingwa wao wa kwanza tangu 1977.